Nyumba Iliyoshushwa Bei kwa Maneno

Mgeni akishuka melini katika mji ule wa kisiwani alikuwa na mambo ya kuona mpaka miguu ivimbe: mnara wa taa, soko lenye paa la vioo, bustani ya mitende, na ngazi za mawe zinazoteremka hadi kwenye bwawa la kuogelea lililojengewa ukuta ndani ya bahari. Vyote hivyo vilitazamwa bure. Bi Punguza hakumiliki hata kimoja, lakini ndivyo vilivyomlisha maisha yake yote. "Mnara ni wa serikali," alikuwa akisema, "maneno ya mnara ni yangu."

Jina hilo alipewa sokoni, maana hakuna aliyewahi kumwona akinunua kitu kwa bei aliyotajiwa, hata sindano. Hakupiga kelele wala hakubembeleza. Alitaja bei yake, akanyamaza, akaenda zake. Kesho yake akarudi na bei ndogo zaidi. Kidogo leo, kidogo kesho, mpaka muuzaji mwenyewe anasalimu amri. Alianza kwa kubeba mizigo ya wageni bandarini, akapanda cheo akawa wa kuwatembeza, na magoti yalipoanza kumsema akataka kitu kimoja tu duniani: nyumba iliyo mwisho wa uchochoro wa mafundi saa, yenye vyumba vitatu chini na kimoja juu, na dirisha la mbao linalotazama njia. Aifanye ya kulaza wageni. Yeye akae, wao waje.

Mwenye nyumba, mzee mjane aliyehamia kwa bintiye, alitaja bei ya kumkata mtu pumzi. Bi Punguza hakubishana naye. Aliiingiza nyumba katika matembezi yake.

"Hapa," aliwaambia wageni kwa sauti ya chini, "aliishi mama mmoja aliyekuwa akikodisha vyumba. Alfajiri moja wageni wake wote waliondoka bila kuaga, na hakuna aliyerudi. Mpaka leo amekaa pale juu na funguo zake mkononi. Mkisikia funguo zinalia, na sauti inawaambia, 'Karibuni, vyumba vipo,' msiitikie."

Kisa hicho alikitunga akimenya vitunguu. Hakukuwa na mama yeyote. Nyumba ilijengwa na muuza mbao, akairithisha, basi. Lakini uongo mtamu haukosi wachukuzi. Waongozaji wengine wakaudaka, kila mmoja akautia chumvi yake, na mchora ramani za wageni akauchora pamoja na mnara na bwawa. Wapangaji wakahama. Wanunuzi wakawa wanapita upande wa pili wa njia. Na kila mwaka Bi Punguza akamwendea mzee na bei ndogo kuliko ya mwaka uliopita.

"Basi, mwanangu," mzee alimwambia mwishoni, "sema mwenyewe unachotaka. Mimi nimechoka."

Bi Punguza akasema, na siku hiyohiyo akapewa funguo.

Alipaka rangi, akaingiza vitanda, akanunua mashuka ambayo yeye mwenyewe hajawahi kulalia mfano wake. Kila alichokuwa nacho kiliishia humo. Kisha akakaa mlangoni kungoja wageni, nao wakaja mpaka mlangoni, wakaishia hapo. Mume na mke walisimama na masanduku yao, wakatazama ramani, wakatazama dirisha.

"Hii si ile nyumba ya…?" mwanamke aliuliza.

"Ni uongo ule. Niliutunga mimi, kwa mdomo huu huu."

Mwanamke akamtazama kwa huruma. "Tunaelewa, mama," alisema, na huku mumewe keshageuza sanduku.

Mpwa wake, mtoto wa kaka yake, mtu mzima mwenye ndevu zake, ndiye aliyekuwa amerithi kazi ya kuwatembeza wageni. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shangazi, doa umelitia mwenyewe, leo unataka kulifua kwa mate?"

"Cheka tu. Vyumba hivi visipopata watu nitaiuza nyumba, na atakayeinunua atanikamua kama nilivyomkamua yule mzee. Nitarudi kubeba masanduku na magoti haya."

"Basi usiufue uongo wako. Uuze. Wapo watu wanaovuka bahari kutafuta kitu cha kuwatisha. Mimi nikifika na kundi langu alasiri, wewe kaa dirishani."

Akakaa. Alijifunika mtandio mweupe, akatikisa funguo, akaita kwa sauti ya kukwaruza, "Karibuni, vyumba vipo!" Chini watu walipiga mayowe ya furaha. Kabla msimu haujaisha vyumba vyote vitatu vilijaa, na wageni wakalala humo wakishikana mikono kama watoto. Asubuhi mmoja wao alimshukuru kwa kupita usiku kuwafunika shuka. Bi Punguza alikuwa amelala fofofo chumba cha juu, lakini shukrani ya mteja hairudishwi. Aliipokea, tena akaiongeza kwenye kisa.

Kiti cha dirishani nacho kilikuwa na tabia yake. Alikiacha ukutani, akakikuta kimesogea. Akasema ni sakafu, mbao za kale hazitulii.

Siku moja alasiri alichelewa sokoni. Alikuwa akimpunguza muuza mito, na muuza mito siku hiyo alikuwa na shingo ngumu. Alipotoka, ukungu ulikuwa umepanda kutoka baharini na kuziba njia, na kundi la mpwa wake lilikuwa limekwisha kusimama chini ya dirisha. Bi Punguza akajibanza nyuma ya watu na kikapu chake, anatafuta namna ya kupenya bila kuonekana.

Hapo funguo zikalia juu.

Akajipapasa kiunoni. Funguo zake zilikuwepo. Akatazama kikapuni. Mtandio ulikuwemo, umekunjwa.

Watu wakanyanyua simu zao kupiga picha. Bi Punguza akanyanyua uso. Kuna mtu amekaa dirishani, amejifunika nguo nyeupe, ameinamisha bega la kulia kama yeye anavyoliinamisha. Lakini huyu hakukwaruza sauti, wala hakuwahangaikia wenye simu. Alitazama juu ya vichwa vyao, polepole, mpaka akamfikia wa mwisho.

"Karibu, mwenye kikapu," alisema kwa upole. "Chumba chako kipo."

Watu wakapiga makofi.

Mwingine angekimbilia bandarini. Bi Punguza alingoja kundi liondoke, akafungua mlango wa nyumba yake, akapanda ngazi. Dirisha lilikuwa limefungwa kwa komeo. Kiti kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama mlango. Alikigusa, akakuta kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

"Tuelewane," alikiambia. "Juu ni kwako, chini ni kwangu. Kazi unaijua, ifanye."

Akashusha godoro lake, akalitandika jikoni. Mapatano mazuri, alijiambia: kupoteza chumba kimoja na kuokoa vitatu, tena na mfanyakazi asiyekula. Kila alasiri alitoka kwenda sokoni, na kila jioni mpwa wake alimsifu.

"Siku hizi unatisha, shangazi! Leo hata mimi nywele zilinisimama. Ile ya kucheka bila sauti umeitoa wapi?"

"Fanya kazi yako, uache yangu," alimjibu.

Mambo yakaenda hivyo, vyumba vimejaa, mpaka asubuhi moja alipokikuta kiti ukumbini, nje ya mlango wa chumba cha juu. Akakirudisha. Baada ya siku chache akakikuta juu kabisa ya ngazi. Akakirudisha. Kisha kikawa kwenye kipandio cha pili kutoka juu, kimesimama sawasawa, mahali ambapo kiti hakiwezi kusimama. Safari hii hakukigusa. Alisimama chini akikitazama, kwa sababu mwendo ule aliujua. Hakuna kelele, hakuna kubembeleza. Kidogo leo, kidogo kesho.

Wageni wa chumba kilicho chini ya ngazi wakaomba kuhama. Wakafuata wa chumba cha pili. Cha tatu kikakosa mtu.

Leo alasiri Bi Punguza hakwenda sokoni. Amekaa jikoni, mlango wazi, kikapu mapajani, anasikiliza funguo zikishuka. Zinalia, zinanyamaza. Zinalia karibu zaidi. Zimefika kipandio cha mwisho, na huyo mwenye funguo hana haraka.

"Basi," anasema Bi Punguza, na sauti inayomtoka ni ya yule mzee mjane, "chukua vyumba vyote. Niachie jiko hili tu. Mimi nimechoka."

Kimya kinakaa kama cha mnunuzi anayejua bei itashuka tena. Kisha, nje tu ya kizingiti, inakuja sauti ya upole.

"Punguza."