Mawimbi ya Namba Kumi na Mbili

Sasa wamekuja kunisumbua. Miaka yote wamenipita sokoni kana kwamba sipo. Leo taasisi yao ya kuchunguza ubongo inatimiza miaka sitini, ghafla wamekumbuka kwamba Tersilla bado anapumua. Kijana wao ameniletea daftari na kalamu tatu, kana kwamba nina mikono mitatu, akaniambia kwa adabu, "Bibi, tuandikie kidogo kuhusu marehemu Profesa." Mimi nilisoma madarasa matatu tu, na msimu wa viwavi wa hariri hatukwenda shule kabisa. Halafu Profesa ana sanamu yake pale mlangoni, hanihitaji. Nitaandika kuhusu Ilde. Asiyemtaka Ilde aishie hapa hapa.

Nilikuwa msusi. Nilikuwa na chumba kimoja Torino, karibu na mto Po, na ndani yake kiti kimoja na kioo kimoja. Wanawake wa mtaa walikuja kwa ajili ya nywele wakaondoka na usingizi, maana vidole vyangu vililaza watu. Mke wa mwoka mikate alikuwa akianza kunisimulia ugomvi wake na mumewe, na kabla hajafika kwenye tusi la kwanza anakoroma. Nilijivunia jambo hilo. Nilijisifu nalo hata mbele ya padri.

Profesa Ghiglione akapata habari zangu. Alikuwa amenunua mashine ya kuchora mawimbi ya ubongo kwenye karatasi, na alitaka kujua kwa nini binti mmoja anaiba na mwingine haibi. Kila Alhamisi waliletwa mabinti kutoka nyumba ya marekebisho, kumi na mmoja kwa jumla, kwa zamu, pamoja na Sista Fulgenzia. Lakini ili mashine ifanye kazi, lazima vijisahani vidogo vya fedha vibandikwe kwenye ngozi ya kichwa. Mabinti walikuwa na nywele nyingi, nazo zimefungana. Madaktari walizivuta, mabinti wakawauma. Ndipo nikaitwa mimi.

Basi Alhamisi nilipasua njia katika nywele, njia baada ya njia, nikasafisha ngozi kwa spiriti, nikabandika. Kichwa kimoja kilichukua karibu saa nzima. Nje ukungu ulikuwa mzito, dirisha jeupe kama limefunikwa shuka. Ndani palikuwa na jiko la kuni, harufu ya gundi, na zile kalamu za mashine zikikwaruza karatasi taratibu. Sauti yake niliijua. Ndiyo sauti ya viwavi wa hariri wakila majani ya mforosadi, maelfu kwa pamoja, kama mvua isiyoanguka popote. Nilikua na sauti hiyo. Mara nyingine nilisahau kwamba nimesimama.

Ilde alikuwa na miaka kumi na sita. Kosa lake lilikuwa kuiba baiskeli. Hakuziuza. Alipanda moja, akaendesha mpaka barabara ilipoishia, akaiegemeza kwenye ukuta wa kanisa lolote na kurudi kwa miguu.

"Ulikuwa unakwenda wapi, wewe?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Kuona ukungu unaishia wapi."

"Ukaona?"

"Bado, mama. Kila mara nilikamatwa kabla."

Baiskeli ya Pautasso, fundi wa baiskeli, aliiiba mara tatu. Mara ya tatu fundi aliikuta breki zimekazwa vizuri kuliko alivyozikaza yeye. Akaenda kwa hakimu mwenyewe, akasema, "Huyu mwizi nipeni mimi. Namtaka kazini." Hakimu akajibu kwamba ataamua baada ya kusoma karatasi ya Profesa.

Karatasi ikawa mbaya. Aliyeniambia ni Evasio, fundi wa mashine, siku ya Jumatano tukiwa tunakunywa kahawa.

"Mawimbi yake mapana na ya polepole," alisema. "Kama ya mtoto wa miaka minne. Profesa anasema ubongo haukukomaa, akiachwa huru ataiba mpaka kaburini. Jumatatu barua inakwenda kwa hakimu. Atafungiwa kule milimani mpaka afikishe miaka ishirini na mmoja."

"Na wenzake?"

"Wote kumi na mmoja hivyo hivyo. Ndiyo maana Profesa ana furaha. Kitabu chake kinatoka kwa mchapaji wiki hii."

"Na hao wazima aliowalinganisha nao ni akina nani?"

"Wanafunzi wa udaktari. Vijana wa kiume. Hao rahisi, wamenyoa. Nawabandika dakika tano huku nawapigia porojo."

Kahawa ikanipoa mkononi. Nilimkumbuka shangazi yangu wa mjini. Viwavi wa hariri hulala mara nne kabla ya kusokota hariri. Huacha kula, hupauka, huinua vichwa na kukaa hivyo kama wamekatwa pumzi. Shangazi aliwakuta hivyo, akasema wamekufa, akawamwagia kuku trei nzima. Bibi yangu alilia mpaka jioni. "Walikuwa wamelala," alirudia. "Walikuwa wamelala tu."

"Evasio," nikasema, "kesho mashine hiyo utanifunga mimi."

"Nikifukuzwa kazi utanilisha?"

"Ugali wa polenta mpaka ukutoke masikioni."

Alhamisi Profesa alikuwa na mkutano hadi saa tano. Nikakaa kwenye kiti, nikafungua shungi langu. Tangu mama yangu afe hakuna mtu aliyekuwa amegusa nywele zangu, na nilikuwa nimeapa hatagusa mtu. Nikampa Ilde chanuo.

"Mimi?" akasema. "Mama, mimi najua minyororo na pedali tu."

"Mara ngapi umekaa hapa? Fanya ninavyofanya. Na ukinivuta nitakuzaba kofi, mwizi wee."

"Tulia basi, bibi mkali. Kichwa juu."

Alicheka, kisha akaanza. Vidole vyake vilikuwa baridi mwanzo, halafu vikapata joto. Alipasua njia moja, ya pili, akabandika vijisahani. Sista Fulgenzia alikuwa karibu na jiko na rozari yake, akaishika punje moja na kuisahau. Kalamu zilianza kula majani. Nikasema moyoni, nitakaa macho kidogo, nione. Dirisha likaja karibu, jeupe. Nikawa kwenye chumba cha bibi yangu, matrei mpaka darini, na bibi amebeba mayai ya viwavi kifuani ndani ya kijifuko, kuyapa joto, anatembea polepole asije akayaamsha. "Ingia, Tersilla," aliniambia, "lakini bila viatu." Nikavua. Sakafu ilikuwa majani. Mama alikuwa pale, amekaa, mgongo wake kwangu, na mikono yake ilikuwa kichwani mwangu ingawa alikuwa mbali. Viwavi wote waliinua vichwa, wakasubiri. Nami nikasubiri nao, sijui ni muda gani.

"Amka, mama," Ilde alininong'oneza. "Umenidondoshea mate mkononi."

Evasio alikata karatasi yangu kutoka kwenye mashine, akaandika namba kumi na mbili, akaichomeka katikati ya zile nyingine. Profesa akaingia na ukungu kwenye koti. Akapitisha macho, akasimama kwenye yangu.

"Wameleta mpya? Tazama, Evasio. Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Huyu usimpe hata ufunguo wa kabati."

Ufunguo wa kabati la spiriti nilikuwa nao mimi, shingoni, mwaka wa pili. Nikautoa, nikauweka mezani juu ya karatasi yangu.

"Basi chukua, Profesa. Namba kumi na mbili ni mimi."

Alitazama karatasi, akanitazama na nywele zangu zilizojaa gundi.

"Bi Tersilla, ulikuwa umelala?"

"Mpaka nikaota."

"Na hawa mabinti?"

"Wanaamshwa saa kumi alfajiri kufua mashuka ya hospitali. Wakifika hapa wanakuta jiko, kiti na vidole vyangu. Wewe ungefanya nini?"

"Mbona hukuniambia siku zote?"

Hapo alinipata. Niliwaona wakisinzia kila Alhamisi nami nikafurahi, nikaenda kujisifu mtaani. Nilisema tu, "Mpime Ilde tena. Sasa hivi, akiwa macho."

Walimpima. Evasio alikaa na kijiko na kikombe, kila kope za Ilde zilipolegea akagonga. Kalamu zikaenda ndogo ndogo na haraka. Profesa aliisoma karatasi ilivyokuwa ikitoka, kisha akachana barua aliyomwandikia hakimu na kuandika nyingine kwa mkono wake. Hilo alilifanya, nalo nalisema.

Alipima wote tena. Wawili mawimbi yao hayakubadilika, sitadanganya. Tisa waliobaki walikuwa wamelala tu.

Ilde alifanya kazi kwa Pautasso, na Pautasso alipokufa karakana ikawa yake. Jumapili aliendesha baiskeli kuelekea ukungu, safari hii kwa baiskeli yake. Tulimzika Novemba iliyopita.

Lakini kitabu kilikuwa kimeshatoka. "Nitasahihisha toleo la pili," Profesa aliniahidi. Toleo la pili halikutoka. Juzi kijana wa taasisi alinionyesha, kiko kwenye sanduku la kioo, wanakijivunia. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, msichana wa baiskeli, ubongo wa mtoto wa miaka minne. Nakala nyingine ziko kwenye maktaba, na watu wanasoma wanaamini.

Wewe unayejua kuandika vizuri kuliko mimi, inuka. Kitafute. Fungua ukurasa huo, uandike pembeni kwa kalamu isiyofutika: walikuwa wamelala. Halafu njoo uniambie umeandika. Mlango wangu hauna kengele, gonga kwa nguvu.