Sarafu ya Mahari Iliyorudishwa

Msimu ule wa mvua, kituo cha reli cha Kolwezi kilinuka moshi wa makaa, magodoro yaliyolowa na uji ulioungua. Familia zenye asili ya mkoa wa Kasai zilikuwa zimefukuzwa majumbani na vijana wenyeji, zikalala pale zikingojea treni ya kuzirudisha huko. Baba yangu, karani wa ghala, alikuwa Mkasai. Mama alikuwa mwenyeji. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikafurahi kwamba shule imefungwa. Naona aibu hadi leo.

Baba alipomposa mama, babu mzaa mama alidai msalaba wa shaba, pesa ya zamani, juu ya mahari, kama wazee wake walivyodai. Baba hakuwa nao. Alikuwa na sarafu aliyopewa na bosi wake enzi Katanga ilipojitangaza nchi, naye akiwa tarishi wa ofisi ya fedha. Upande mmoja ilikuwa na msalaba, wa pili mtupu, kwani ilipigwa kwa majaribio, wakubwa waone sura ya pesa mpya, kisha ikaachwa. Haikununua hata karanga. Babu aliigeuzageuza, akacheka, akasema msalaba ni msalaba. Basi mama akaolewa kwa pesa isiyowahi kuwa pesa, nasi nyumbani, mtaa wa Dilala, tukamtania mpaka anatufukuza na mwiko.

Siku ya nne pale kituoni alikuja mjomba, kaka yake mama, na sarafu ile ndani ya leso. Kwao, mume akirudishiwa mahari akaipokea mkononi, ndoa imekwisha, na watoto ni wa upande wa mama. Hata vijana waliokuwa wakifukuza watu waliliheshimu jambo hilo.

“Shemeki, pokea kintu yako,” mjomba alisema, macho chini. “Bibi na mutoto babakie kwetu. Hakuna mutu atabagusa.”

Baba alitia mikono mifukoni. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji. Mimi nilikuwa nimelala kwenye furushi, nakohoa, kifua kinaniwaka. Wiki ile watoto wawili walikuwa wamezikwa nyuma ya kituo. Baba alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akatoa mkono mmoja, akaufungua.

Mama alirudi na ndoo, akaelewa kabla ya kuambiwa. “Tata Mado, irudishe! Irudishe!” alilia, akimwita baba kwa jina langu kama kawaida, mjomba akimshika kiunoni. Baba alifumba ngumi, akageuka. Treni ilikuja keshokutwa yake. Baadaye tukapata habari kwamba aliugua njiani, hakufika.

Juzi mnunuzi wa vitu vya kale aliniambia sarafu kama ile ni adimu mno, angetoa bei ya nyumba. Nikamjibu kwamba sina. Leo Wakasai wamerudi, wanauza sokoni Manika, tunasalimiana na kuulizana hali. Mama amezeeka. Amewasamehe waliotufukuza, baadhi yao husali naye kanisa moja. Hata mjomba, mama alimsamehe kabla hajafa. Ni baba tu ambaye mama hajamsamehe.

“Alifungua mukono,” huniambia. “Mi hakuna mutu aliniuliza.”

Mimi huinamia mboga ninazomkatia. Sijapata kumwambia kwamba kabla ya kuufungua, baba alinitazama mimi.