Mifuko Miwili ya Mchanga Ambayo Sikuishona Mimi

Admin, jina langu lifiche, lakini maneno usinipunguzie. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tisa, fundi wa magari hapa Kwa Vonza. Kazi nilifundishwa na marehemu baba, na alipotutoka aliniachia gereji ya mabati na pikapu yake kuukuu. Pikapu hiyo ndiyo imeniletea haya yote, na siijutii hata kidogo.

Nina mchumba, tumwite Musyoka, ingawa si jina lake. Mwaka jana kwao walileta mbuzi watatu wa ntheo. Kwa wasiojua mila zetu Ukambani, mbuzi hao wakishapokelewa msichana anahesabiwa ni mke, na wakirudishwa, ndoa imeisha.

Tunashiriki mbio za drag, zile za magari mawili kuondoka pamoja kwenye barabara iliyonyooka, wa kwanza kufika ndiye mshindi. Mimi natengeneza, Musyoka anaendesha. Pikapu ikiwa tupu ni nyepesi nyuma, ukikanyaga mafuta tairi zinazunguka bure na haiendi popote. Kwa hivyo nilihamisha betri nikaipeleka nyuma, nikalegeza shoki za mbele ili pua iinuke upesi na uzito urudi kwa tairi za nyuma, nikazipunguzia upepo, kisha nikapanga mifuko mitatu ya mchanga juu kabisa ya ekseli. Mchanga wenyewe ni wa mtoni, lakini nauanika kwanza, kwa sababu ule mbichi ni mzito na hujui umebeba nini. Midomo ya mifuko naishona kwa uzi wa katani, mshono ule ule mwaitu, mama yangu, alionifundisha nikiwa mdogo tukisuka viondo. Nilijaribu na kujaribu hadi magurudumu ya mbele yakawa yanainuka shubiri moja tu, yanatua taratibu, na gari tayari limeshaondoka zake. Zaidi ya shubiri ni maonyesho, unapoteza muda ukiangalia mawingu.

Musyoka hakuipenda shubiri yangu. Alikuwa akinionyesha video za magari yaliyosimama wima, na mimi kila mara namwambia hayo hushuka vibaya. Nilidhani tumeelewana.

Mwezi uliopita tulienda Makueni. Nilikagua kila kitu, nikamwachia gari, nikatembea hadi mwisho wa barabara kumsubiri. Taa zilipowaka pikapu ilisimama kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Umati ulipiga kelele za furaha. Kisha ikashuka kwa kishindo, ekseli ya mbele ikapinda na oili ikamwagika barabarani. Nilikimbia nikilia, nikijua nimempoteza. Alitoka na mdomo uliopasuka tu, nikamfuta damu kwa mkono wa ovaroli yangu. Wakampa maikrofoni aseme kama yuko sawa.

"Mnisamehe," akasema. "Nilimwachia bibi spana."

Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama hapo kando yake na damu yake ikiwa bado mbichi kwenye nguo yangu.

Tulipofika nyumbani nilianza kushusha mifuko. Ilikuwa mitano. Miwili ilikuwa kule mwisho, karibu na mlango wa nyuma, mahali ambapo uzito huinua pua kupita kiasi, imejaa mchanga mbichi na kufungwa kwa waya. Mwaitu alikuja akaiangalia, akagusa waya, akasema, "Hii si kazi ya mkono wako." Kisha akaniomba ninyamaze hata hivyo, kwa sababu tayari mimi ni wa watu.

Nilimuuliza Musyoka. Hakukana hata kidogo.

"Watu walikuja kuona gari imesimama," akaniambia. "Hawakuja kuona shubiri. Na wewe ukisema ni mimi, nani ataniheshimu?"

Niliumia sana, niseme ukweli. Angeniomba msamaha siku hiyo, haya yote yangeishia pale gerejini. Badala yake maneno yamefika hadi sokoni. Wateja wawili wa tangu enzi za baba wamehamisha magari yao, na mmoja alinieleza bila kunificha kwamba anaogopa nitamharibia. Jina ambalo baba alilijenga miaka yote hiyo linachekwa kwa sababu ya mifuko miwili. Mama mkwe naye alikuja hapa akanikalisha chini. Akaniambia mbuzi zishaliwa, sasa aibu ya bwana yangu ni yangu, na mke hamsahihishi mumewe mbele ya watu.

Jumamosi ijayo kuna mbio tena, Makueni pale pale. Musyoka na mama yake wamekubaliana bila kuniuliza kwamba nipewe maikrofoni, niungame kuwa nilikosea hesabu, kisha Musyoka aendeshe.

Ekseli nimeinyoosha. Mifuko yangu mitatu nimeishona upya. Na kiti nimekisogeza mbele hadi mguu wangu ukafika vizuri kwenye klachi, kwa sababu pikapu ni ya baba yangu na Jumamosi naendesha mimi. Maikrofoni pia nitaichukua. Nitaweka mifuko yote mitano chini mbele ya madereva, niwaulize ni ipi ya fundi.

Bado nampenda Musyoka, sitawadanganya. Akisimama mwenyewe akasema mchanga ule ulikuwa wake, nitashuka nimkumbatie mbele ya watu wote. Lakini namjua, na sidhani atasimama.

Ndugu zangu wa page hii, ushauri wa kunyamaza nimeshapewa wa kutosha, kaeni nao. Nawauliza jambo moja tu: mbuzi watatu wa kurudisha ntheo niwapeleke kwao kabla ya mbio, au nishinde kwanza?