Walivyoniombea Melankoli Initoke

Mwaka nilioingia Form Two, mwalimu wa vijana wa kanisa letu la mabati pale Kitengela alienda semina Nairobi akarudi na habari mpya. Mungu ameumba watu wa aina nne, basi. Sanguini ni wa kucheka na kupendwa. Koleriki ni wa kuamuru. Flegmati hawana haraka na dunia. Melankoli ni wale wa kukaa nyuma wakiwaza. Nilitafuta hizo aina kwa kitabu cha Mwanzo, siku ya sita, nikapata ng'ombe na vitu vitambaavyo.

Kukaa nyuma hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni darasa langu. Kila Jumapili nilifundisha watoto wadogo wa Sande skuli, na ni hapo tu sauti yangu ilikuwa inatoka. Sasa mwalimu alisema atatupima, halafu kila mtu apewe huduma kulingana na alivyoumbwa.

Alikuwa anauliza, tunainua mikono.

"Ukiongea na mtu mzima, unamwangalia machoni?"

Sisi Wamaasai tuliangalia sakafu. Koko, nyanya yangu wa Mashuuru, angeniona namkodolea mtu mzima macho, ningejua sijui. Kwetu unainamisha kichwa, unangoja kiguswe, ndiyo umesalimiwa. Kwa hivyo sote tukaanguka melankoli na flegmati. Watoto wa makarani na walimu waliotoka Mkoa wa Magharibi wakawa sanguini, isipokuwa mmoja aliyekuwa na malaria. Nilishangaa Muumba alivyogawa tabia kwa kufuata kabila bila kuruka nyumba hata moja.

"Wewe dada yangu utapanga viti," mwalimu akaniambia. "Watoto wanataka mtu wa furaha."

Darasa likaenda kwa rafiki yangu, binti ya karani.

"Usinikasirikie," akaninong'onezea. "Si mimi, ni Mungu."

"Sijakasirika."

"Ona sasa. Melankoli hukasirika kimya kimya. Si tumefundishwa hapa?"

Kabla ya kutawanyika, waliniweka katikati waniombee hiyo melankoli initoke. Dakika chache nyuma ilikuwa kazi ya mikono ya Mungu, sasa inakemewa kama pepo. Mikono ilijaa kichwani, na mmoja wao alikuwa ametoka kukata vitunguu.

Jumapili nilikuwa nabeba viti watoto walipofika. Rafiki yangu alisimama mlangoni akipiga makofi.

"Watoto wa Yesu, nani ako na furaha?"

Watoto wakapanga laini, wakainamisha vichwa. Akapiga makofi tena. Vichwa vikabaki chini.

"Kwani hawa wote ni melankoli?" akaniuliza.

"Wanangoja uwaguse kichwa. Bila hiyo hawajasalimiwa, na hawaingii."

"Wote?"

"Mmoja mmoja."

Akamgusa wa kwanza kama mtu anayejaribu pasi kama imeshika moto. Waliobaki wakaona, wakanihamia mimi. Niliweka viti chini, nikawagusa, wakaingia wakaketi. Kwa vile hakuna mwingine waliyekuwa wanamsikiliza, nikawasimulia ya Zakayo, nikapanda mpaka juu ya meza.

Mwalimu wa vijana alikuwa dirishani. Ibada kubwa ilipoanza akaniita mbele.

"Ndugu zangu, huyu dada juzi tu alikuwa melankoli. Tukaomba. Leo nimemwona juu ya meza, watoto wanacheka, sanguini kabisa. Darasa ni lake. Dada, si ni maombi?"

Akaniwekea maiki mdomoni. Jibu la kweli lilikuwa refu, lilikuwa na Koko ndani yake, na lingeweza kunirudisha kwa viti.

"Bwana asifiwe," nikasema, nikiangalia viatu vyake.

Kanisa lote likapiga makofi. Rafiki yangu akapelekwa kwaya. Mimi tangu hapo ni sanguini rasmi, na ibada kubwa ikianza narudi kiti cha nyuma, nakaa nikiwaza.