Wimbo Uliokatazwa Matutani

Wifi yangu, mke wa kaka, alitoka Iringa na sauti nene ambayo hungeitegemea kwa mwanamke mwembamba vile. Alipoletwa kwetu, mlimani juu ya Ilomba, Kisafwa hakukijua, na sisi Kihehe hatukukijua, kwa hiyo nyumba nzima ikawa inazungumza Kiswahili kwa ajili yake, Kiswahili chetu cha kuungaunga. Nikiikumbuka miaka ile ya hamsini, nasikia kwanza mchi wake kinuni, asubuhi ya baridi, na yeye akiimba.

Wakati ule serikali ya Waingereza ilitulazimisha kulima matuta ya kukinga mlima ili mvua isichukue udongo. Kila nyumba ilitoa watu. Bwana shamba alipita na fimbo ndefu, akionyesha tuta lianzie wapi. Wifi akatunga wimbo:

Bwana shamba ana fimbo ya kupimia,
anapima mlima, hapimi mgongo wangu.

Tuliitikia, majembe yakishuka pamoja. Nilikuwa msichana mkubwa, tayari nimeposwa, na sijui kama nimewahi kucheka tena nikifanya kazi ngumu kama tulivyocheka pale. Hata bwana shamba, kijana Mwafrika aliyeletwa kutoka mbali, nilimsikia siku moja akiupiga mluzi. Wimbo ukashuka hadi Iyunga. Ungekuwa wa Kisafwa, nadhani hakuna mkubwa ambaye angejali. Kwa Kiswahili kila mtu aliuelewa, pamoja na Mzungu wa boma la Mbeya, yule tuliyemwita Bwana Shauri.

Alikuja kwenye baraza la jumbe wetu, akamwita wifi mbele ya watu.

“Wewe ndiye unayeitukana serikali?”

“Serikali sijaitaja, bwana. Nimetaja fimbo na mgongo.”

Watu wakaangua kicheko. Jumbe akapiga meza. Bwana Shauri hakucheka; alisema kuanzia siku ile atakayeimba wimbo ule matutani atafungwa.

Nyumbani baba, mzee wa kanisa, alikuwa amekasirika. Kwa heshima ya kwetu hakuzungumza na mkwewe ana kwa ana, kwa hiyo nilikaa mlangoni, kati ya sebule na jiko, nikipeleka maneno, ingawa wote wawili walisikiana vizuri.

“Mwambie wifi yako mwenye mamlaka huheshimiwa.”

“Mwambie baba namheshimu. Lakini mgongo ukiniuma nimwambie nani?”

Baba akaomba maji ya kunywa.

Tukalima kimya. Hamjui kimya kile kilivyokuwa kizito. Jembe lilizidi uzito. Bwana shamba mwenyewe akatusihi tuimbe hata wimbo wa kanisa. Tulijaribu, lakini ulikwenda taratibu mno, majembe yakawa yanasubiri angani, tukaacha.

Mvua kubwa za kwanza zilipobomoa matuta ya upande wa juu, amri ikatoka yarudiwe yote, na safari hii hata wazee washike jembe. Baba alilima asubuhi nzima. Jua lilipopanda alijinyoosha, akashika kiuno, akaanza kwa sauti ya mkwaruzo: “Bwana shamba ana fimbo ya kupimia…”

Hakuna aliyeitikia, kwa hofu. Kisha wifi akaitikia peke yake, nami nikafuata, na mlima mzima ukafuata. Bwana shamba aligeukia bondeni kama mtu anayetazama mawingu. Lakini mtu alipeleka habari, na kesho yake askari wakamchukua baba.

Wifi ndiye aliyepika. Tulibeba ugali na maharage hadi boma, askari akatusimamisha chini ya dirisha la mahabusu. Wifi aligeuza uso pembeni, kama desturi ilivyotaka. Baba akasogea kwenye nondo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamsemesha mwenyewe.

“Mwanangu, ubeti wa tatu unaanzaje? Nimeutafuta tangu jana.”

Wifi aliziba mdomo kwa khanga, mabega yakamtetemeka. Sikujua kama analia au anacheka. Kisha akamtajia ubeti, polepole, neno kwa neno, bila kuuimba. Askari alikuwa akisikia. Alianza kufunga kamba za viatu vyake, akachukua muda mrefu sana.

Baba aliachiwa baadaye, amekonda. Kanisani walimvua uzee kwa muda, akawa anakaa benchi la nyuma karibu na sisi wanawake. Nyumbani sikupeleka tena maneno ya mtu. Jioni ilijaa mabishano yao wawili, na mama akilalamika kwamba chakula kinapoa. Hizo ndizo jioni ninazozitamani.

Matuta mengine yapo hadi leo, na kusema kweli yanashika udongo. Baba alilikubali hilo mapema kuliko wengi. Kazi yenyewe hakuichukia, alisema. Kilichomchoma ni kuamriwa aifanye huku amefunga mdomo.