Ng'ombe Ananenepa, Nguruwe Anakufa

Nguruwe wa pili alikufa Jumanne. Ndassa alimkuta asubuhi ameshakauka, amelala ubavu, povu limemgandia puani. Akasimama pale bandani na ndoo yake mkononi. Akaangalia kushoto, ng'ombe wake watatu wananawiri, manyoya yamelala kama yamepakwa mafuta. Akaangalia kulia, nguruwe jike mwenye mimba amekaa kitako kama mbwa, anahema kwa tumbo, fuu, fuu, fuu. Na wote wanakula pipa moja. Akaweka ndoo chini. Akaiokota tena. Hata yeye hakujua alitaka kuifanyia nini.

Sasa yule nguruwe jike hakuwa wa Ndassa. Alikuwa wa mkewe, Joyceline, binti wa Kihangaza kutoka Kasulo kule Ngara. Alipoolewa kuja huku Nyarubungo, mama yake alimfungia kitoto cha nguruwe kwenye kiroba, akamwambia mwanamke haendi ugenini mikono mitupu. Kwao hilo halina maajabu. Lakini huku alikoolewa ni kwa Wasukuma, watu waliokuja na ng'ombe kutoka Shinyanga, na kwao mali ni ng'ombe, vingine vyote ni mboga. Baba mkwe, Mzee Malongo, alipoona kile kiroba kinacheza, aliuliza kimebeba nini. Akaambiwa. Tangu siku ile, akitaka kuja kwa mwanawe alizungukia nyuma ya migomba ili asipite karibu na banda la nguruwe, na miaka mitatu yote hakuwahi kumwita yule mnyama kwa jina lake. Alisema tu, "yule mgeni wenu."

Ndassa mwenyewe hakuwa mtu wa kutulia. Shule aliachia kidato cha pili. Akaenda machimboni kutafuta dhahabu, akarudi na kikohozi. Akaendesha bodaboda pale Biharamulo mjini, akagongana na mbuzi. Akauza mitumba, akafuga sungura, akaacha. Baba yake alikuwa anasema huyu mtoto ana miguu ya upepo. Alipotulia, alitulia kwa sababu ya semina moja ya siku mbili pale ofisi ya kata. Walifundishwa kwamba mtu mwenye ekari moja na nusu kama yeye asifuge mnyama mmoja, afuge mseto. Samadi ya ng'ombe iende kwenye migomba, maganda ya ndizi yaende kwa nguruwe, kuku wachakure funza kwenye samadi, kila mnyama amfae mwenzake. Ndassa alirudi nyumbani anatembea kama mtu aliyepewa cheo. Akajenga mabanda yakatazamana: ng'ombe, mbuzi, nguruwe, kuku na bata. Katikati akaweka pipa.

Lile pipa ndilo lilikuwa akili yake mwenyewe, semina haikulisema. Aliona kama wanyama ni familia moja, basi nao wapikiwe chungu kimoja. Pumba, maganda, majani, chumvi, vyote humo, anakoroga na mti, anagawa. Majirani walikuja kushangaa. Mmoja akamuuliza kama na yeye mwenyewe anakula humo humo. Ndassa akamjibu siku mkewe akisafiri atakula.

Miezi miwili kabla ya huo msiba wa nguruwe, Mzee Malongo alikatwa na jembe mguuni, kidonda kikaoza. Aliyemuuguza ni Joyceline. Alikuwa anamkanda kila asubuhi kwa maji ya chumvi, anapiga magoti, anaamkia shikamoo baba, anafunga kitambaa, anaondoka. Mzee alipopona hakusema asante, maana si mtu wa maneno. Alisukuma baiskeli hadi kwenye kinu cha pamba, akarudi jioni na gunia la mashudu, yale makapi yanayobaki mbegu ya pamba ikishakamuliwa mafuta. Kwa Wasukuma hayo ni pilau ya ng'ombe. Kiangazi kikikaza, mwenye mashudu ndiye mwenye maziwa. Akalishusha mlangoni kwa Joyceline.

"Mpe na mgeni wako," akasema. "Asije akatangaza Kasulo kwamba kwa Msukuma alilala njaa."

Joyceline aliingia ndani akalia kwa furaha. Gunia lilipoisha mzee akaleta la pili. Ndassa akawa anamimina kopo sita kwenye pipa kila siku.

Ng'ombe wakanenepa. Maziwa yakaongezeka hadi Ernesta, mtoto wao, akaanza kuyakimbia. Kisha nguruwe wadogo wawili, watoto wa yule jike, wakaanza kusuasua, wanasogelea chakula wanakiacha, wanahema. Wa kwanza akafa Ijumaa. Mtaani likasambaa kwamba ni homa ya nguruwe imeingia, na mtu mwenye homa ya nguruwe bandani anaogopwa, kwa sababu hiyo haina dawa, ni kufukia wote. Ndassa akapulizia dawa. Akawahamisha bata, akidhani ni maji yao machafu. Akawarudisha. Akahamisha mbuzi. Usingemuuliza kwa nini mbuzi.

Na huyo wa pili alipokufa Jumanne, Joyceline alikuja akasimama ubavuni kwake. Hakupaza sauti.

"Baba Ernesta, tangu lini baba yako akawapenda nguruwe wangu?"

Ndassa akasema usianze hayo.

"Mimi naanza? Miaka mitatu anazunguka migomba. Kaleta gunia, nguruwe wanakufa, ng'ombe zake na zako zinang'aa. Huyu mama yao akipona, naondoka naye kurudi kwetu. Akifa, naondoka peke yangu."

Ndassa alijaribu kutafuta hapo katikati kubaki kuko wapi, hakukuona. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba hakuweza kumpinga. Mashudu ng'ombe anakula. Mashudu baba yake amelishia tangu utoto. Kama ni sumu, mbona ng'ombe hafi? Kama si sumu, huyu anahema nini? Na baba yake, mtu aliyesukuma baiskeli na mguu ambao ndiyo kwanza umefunga, angefanya hivyo ili aue?

Akampigia simu bwana mifugo, Theonest, akaja na pikipiki kabla jua halijakaza. Theonest akampima joto nguruwe jike, akatazama kipimo, akapima tena. Hana homa. Akampasua yule aliyekufa. Kifuani maji yamejaa kama kibuyu, moyo umevimba, umelegea. Akasema kwa macho yake hii haifanani na homa ya nguruwe, ila atapeleka kipande kikapimwe. Kisha akauliza wanakula nini. Ndassa, hata katika hali ile, akaanza kueleza mseto wake kwa fahari kidogo, mpaka akaona mwenzake hasikilizi, anatazama pipa.

Joyceline alikuwa na hasira, lakini mgeni ni mgeni. Akawasha moto amkaangie mayai. Akatoa mayai kapuni, yale yaliyokaa wiki, akapasua la kwanza kwenye kikaango, akalitupa. Akapasua la pili, akalitupa. La tatu Theonest akamshika mkono.

"Shemeji, hebu nione."

Kiini kilikuwa cha kijani. Si kijani cha kuoza, halikunuka. Kijani cha tope la bwawani. Joyceline akaona aibu, akakiri kwamba yapo hivyo wiki ya pili sasa. Yakiwa ya leo hayaonekani, yakikaa ndiyo yanageuka, na hakusema kwa sababu mwanamke ambaye mayai yake ni ya kijani wataanza kumsema.

Theonest akauliza kuku wanakula wapi. Wanachakura chini ya hori la ng'ombe, akajibiwa. Na horini kuna nini? Ndassa akasema ni hicho hicho cha pipa, pumba na mashudu. Ya alizeti? Ya pamba. Bwana mifugo akakaa kwenye kigoda.

Akaeleza taratibu. Mbegu ya pamba ina sumu yake ya asili. Ng'ombe mkubwa ana tumbo la vyumba vinne, akipewa kwa kiasi inaishia humo. Mbuzi naye hivyo hivyo. Nguruwe tumbo lake ni moja kama la mtu, sumu inajikusanya wiki hata wiki, inakwenda kukaa kwenye moyo. Kuku yeye anaitolea kwenye yai.

Joyceline akauliza swali moja tu. "Mzee alijua?"

"Ajue wapi? Watu wa pamba wamelishia ng'ombe mashudu tangu babu zao. Lini walifuga nguruwe wakaona anavyokufa? Na wenu kule Kasulo wanafuga nguruwe, lakini pamba wanaiona wapi?"

Ndassa akauliza, kwa sauti ambayo hakuikusudia, kwa hiyo nani amewaua.

"Nani alikoroga pipa?" akasema Theonest.

Akaagiza nguruwe jike apewe maji safi na majani mabichi, asionjeshwe tena hayo mashudu. Kuhusu kupona hakuahidi, moyo ukishavimba una mambo yake. Akaondoka bila kula.

Kwenda kwa baba yake, hatua mia mbili, Ndassa alitumia nusu ya asubuhi. Alisimama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Alipofika, akaanza na mvua, akaja kwenye bei ya chumvi, halafu akamwaga yote kwa pamoja, moyo, tumbo la vyumba vinne, yai la kijani. Mzee Malongo alikuwa anachonga mpini. Akaacha kuchonga.

"Nimemlisha mgeni sumu," akasema. "Kwa mkono wangu."

Ndassa akamwambia kosa ni la pipa. Mzee akaingia ndani, na kwa siku tatu hakuonekana. Joyceline naye alifunga begi, akaliweka kitandani, lakini kila mara akitoka alikwenda kwa nguruwe na ndoo ya maji. Ndassa alipouliza lini anasafiri, alijibiwa kwamba mtu hasafiri na mgonjwa.

Siku ya nne mzee alikuja. Hakuzunguka migomba. Alipita njia ya katikati, mbele ya banda, na kichwani amebeba mzigo wa marando, majani ya viazi vitamu, mabichi, yanamdondokea maji usoni. Mzee wa Kisukuma kubeba majani kichwani kama mwanamke anayetoka shamba, hilo Nyarubungo halijaonekana. Joyceline akapiga magoti kumwamkia. Mzee akaitikia marahaba, akasimama pale pale na mzigo wake.

"Mama Ernesta. Haya anakula, au nayo ni sumu?"

"Anakula, baba. Lakini tumuulize mwenyewe."

Mzee akayashusha. Kwa mara ya kwanza akainama kwenye banda lile, akasogeza konzi moja. Nguruwe akanusa. Akahema, akanusa tena. Akachukua jani moja, akatafuna polepole, akachukua la pili.

Joyceline akaingia ndani, wakasikia zipu ya begi, kisha akatoka na khanga yake ya kazi kiunoni. Akaanza kumwonyesha baba mkwe: haya ya nguruwe, maganda ya kwake, pumba ya mahindi ya kuku, mashudu yakae kule kwenye hori peke yake na chini pafagiwe. Mzee aligeuza ndoo akaikalia, anasikiliza kama mtoto wa chekechea. Ndassa alikuwa ameshapindua pipa, sasa ana ndoo nne mkononi, na mpaka jua linakaa utosini alikuwa ameshachanganya ipi ya nani.

"Na bata?" mzee akauliza. "Yeye anakula nini?"

Joyceline akamtazama Ndassa. Ndassa akamtazama bata.