Jagi la Atieno na Mizani ya Wodi

Msikilizaji wangu wa Ahero, keti kwanza. Mambo haya yalinichanganya nilipoyaona kwa macho yangu, kwa hivyo sitayakimbiza. Ukipotea mahali, usione haya, kwa kuwa hata mimi nilipotea hapo hapo.

Nilisafiri kwa sababu ya dada yangu mdogo, Atieno, ambaye huchuma chai upande wa Kapsoit. Jumatatu nilipigiwa simu na jirani yake, Mama Kiprono. "Mwalimu, dada yako amelazwa Kericho. Alihara siku tatu, sasa wanasema figo imekataa." Nikamuuliza figo imekataa nini. Akasema hata yeye hajui, ameambiwa tu imekataa.

Jumanne asubuhi nilipata nafasi mbele ya lori la mchele. Baada ya Awasi barabara ilianza kupanda, dereva akafunga kioo na kunipa sweta yake. Kufika Kapsoit, chai ilikuwa imesogea hadi kando ya lami, imekatwa sawasawa kama nywele za mtoto wa shule. Sikuitazama sana. Nilikuwa namfikiria yule jirani yetu aliyekuwa akienda Kisumu mara mbili kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine, mpaka akachoka. Nilijiuliza kama Atieno naye ndiko anakoelekea.

Saa sita mchana nilikuwa wodini. Atieno alikuwa amelala na dripu mkononi, midomo imepasuka. Asubuhi hiyo walikuwa wamemtoa mpira wa mkojo, na sasa alipewa jagi lenye mistari ya kupimia. Mama Kiprono alikuwa kando yake, amekumbatia kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin.

"Chamgei, Mwalimu. Maziwa yetu imefukuzwa hapa kama mlevi," alinisalimu.

Nesi wa wodi, Sista Chelangat, alicheka. "Mama, sijaifukuza, nimeiambia ingoje. Maziwa na ndizi ziko na madini inaitwa potasiamu. Figo ikiwa imelala, hiyo kitu inabaki kwa damu, na ikizidi inaweza simamisha moyo. Akipona nitakunywa na yeye."

Nilishangaa. Kwetu mgonjwa hupewa maziwa ndipo apate nguvu.

Daktari alipopita alinieleza zaidi, na hapa nitatumia mfano wa mashamba yetu ya mpunga. Figo ni kama vitalu vya mwisho wa mfereji. Atieno alipohara, maji yalipungua mferejini. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kuchuma, akaendelea kumeza dawa za maumivu za dukani, na dawa hizo hubana lango la kuingizia maji. Tena akaendelea na dawa yake ya presha, iliyopunguza msukumo wa maji kidogo yaliyobaki. Vitalu vikakauka. Havijafa, lakini vikikaa hivyo siku nyingi vitaharibika. Kwa hiyo mfamasia alikuwa amepitia mfuko wa dawa wa Atieno na kusimamisha zote mbili, na dripu ilikuwa inarudisha maji.

Nilielewa, nikafurahi kwamba nimeelewa. Furaha hiyo haikufika siku mbili.

Jumatano niliketi karibu na kitanda saa zote za kutazama wagonjwa. Alhamisi saa nne nilikuta daktari, mfamasia na Sista Chelangat wamesimama na karatasi ya kuandikia vipimo vya Atieno, nyuso zimekunjamana. Siku za mpira, mkojo ulikuwa unaongezeka. Tangu Jumanne mchana, karatasi ilionyesha karibu hakuna. Kipimo cha damu cha kreatinini, ile taka ambayo figo hutoa, nacho kilikuwa kimepanda kidogo.

"Tupunguze maji yasije yakajaa kwa mapafu," daktari alisema. "Na nipigie wale wa mashine, tumhamishe leo."

Juzi alihitaji maji, leo maji ni hatari. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa ameketi anakula ugali, macho yameng'aa kuliko siku niliyofika. Nilimtazama yeye, nikatazama karatasi, nikashindwa kujua niamini kipi.

Sista Chelangat hakuinua mkono kutoka kwenye karatasi. "Daktari, ngoja kidogo. Nimempima kilo asubuhi. Imeshuka. Miguu haijavimba, kifua ni safi, na kibofu umegusa mwenyewe hakijajaa. Maji inaingia siku mbili, haitoki, na kilo inashuka? Inaenda wapi?"

Mfamasia akasema kwa upole, "Hapa kwetu mtu wa chai anaweza kubishana na karani wa kupima majani, lakini habishani na mizani."

Sista akageuka. "Nani anashika jagi?"

Mama Kiprono alikuwa anakunja leso. "Ni mimi."

"Unaifanyia nini?"

"Namwaga choo, naosha, narudisha safi."

"Kabla niandike?"

Akanitazama, kisha akatazama chini. "Sista, huyu ni kaka mkubwa. Tena mwalimu. Jagi itakaa aje chini ya kitanda na yeye amekaa hapo? Atieno aliona aibu. Mimi nafunika na leso, natoka nayo pole pole. Hata usiku ameenda, asubuhi mapema nikamwaga."

"Na mimi nikikuuliza, Atieno, unasema hujaenda."

Atieno alijifunika uso na shuka. "Uliniuliza mbele yake."

Basi, kumbe sababu ni mimi. Nilikuwa nimetoka Ahero kuja kumsaidia dada yangu, na kwa kuketi tu kwenye kiti kile nilikuwa nimeufuta mkojo wake kwenye karatasi, na nusura apelekwe kwenye mashine kwa sababu yangu. Sikujua niombe msamaha kwa nani kwanza.

"Hata mimi nilikosea," Sista alisema. "Niliandika sufuri bila kuona jagi."

"Ni mara ngapi, mama?" daktari akauliza.

"Mingi. Jana jagi ilijaa mara mbili."

Daktari alirudisha simu mfukoni. Hakumkemea mtu. Alitueleza kwamba kreatinini huchelewa kushuka, na kwa hiyo hawezi kuitegemea peke yake. Anahitaji mkojo, kilo, presha na damu vikubaliane. "Sasa tupime upya, na sisi wote," alisema.

Tuligawana kazi papo hapo. Kiti changu kilihamishiwa barazani. Nilipewa daftari niandike kila kikombe anachokunywa, kazi inayomfaa mwalimu. Mama Kiprono alibaki mlinzi wa jagi, akakatazwa kumwaga kabla Sista hajasoma mstari. Pazia likavutwa.

"Mwalimu," Mama Kiprono aliniita kutoka ndani baada ya saa moja, "usiulize ni ngapi, lakini iko."

Wodi nzima ilicheka, Atieno pia.

Ijumaa hesabu zilikubaliana. Jumamosi kreatinini ilianza kushuka, na Jumatatu ilishuka tena. Jumatano aliruhusiwa kwenda nyumbani. Mfamasia alimwambia asiguse tena dawa za maumivu za dukani, asirudie dawa ya presha mpaka kliniki imwambie, na arudi baada ya wiki moja kupimwa damu.

Alhamisi niliteremka kurudi nyumbani, joto likinipokea Awasi. Njiani niliendelea kujiuliza maswali, na mengine bado sina majibu yake. Bado sielewi vizuri kwa nini damu huchelewa kusema jambo ambalo mkojo umeshalisema. Lakini nimeelewa kwamba daktari, nesi na mfamasia hawawezi kuona tunachowaficha kwa heshima, na kwamba mimi na Mama Kiprono tulikuwa sehemu ya matibabu tangu siku ya kwanza, tukijua au tusijue.

Kwa hiyo, siku utakapokaa na mgonjwa wa figo, usimwage mkojo wake kabla nesi hajaupima na kuuandika. Na mgonjwa akikuonea haya, toka nje, umwite nesi aulize mwenyewe.